Mwenye Mzigo Ndiye Mwenye Njia

Jumanne, 11 Machi 2025

Leo nimeitwa. Si na chifu, si na kanisa — na Mwalimu Monicah, yule wa michezo pale shule ya wasichana.

Nilikuwa kwa fensi nakata nyasi ya fildi yao kama kawaida. Wasichana wako ndani na hiyo softball yao, ile ya kupiga mpira na rungu halafu unakimbia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka nyumbani, hapo unapata pointi. Mmoja akagongana na mwenzake. Mimi nikapiga nduru, auti! Hata kipofu ameona!

Monicah akakuja mpaka kwa fensi. Nikajua leo nafukuzwa. Akaniita Guka, babu, vile wote huniita. Akasema, "Guka, miaka yote hii unatuamulia mechi ukiwa nje. Kama unajua hivyo, si uingie ndani."

Nikamwambia nilikuwa nangoja tu kuombwa.

Kumbe ampaya wao wa pili, yule mwamuzi wa kusaidia, amehamia Nanyuki, na fainali ni Jumamosi ya wiki ijayo, hapa hapa Giakanja, sisi na wasichana wa Kagio. Mwenye kushinda anaenda Kisumu kucheza na Kenya yote. Ati kocha wa Kagio alipiga simu akauliza kama mimi si mtu wa hapa. Monicah akamwambia ni wa hapa, lakini huyo mzee akikata kesi ya mpaka wa shamba hata ndugu yake analia. Hiyo ni kweli. Ndugu yangu mpaka leo hanisalimii.

Nimemwambia Wangui wangu kwamba ameolewa na ampaya. Akasema ampaya aende akakamue ng'ombe.

Jumatano, 12 Machi

Nimesoma leo kushinda miaka yote sikusoma.

Mwalimu wangu ni Griffins, ampaya mkubwa, kijana ya Karatina. Amekuja na pikipiki, tukaketi kwa bucha ya rafiki yangu Mwai, pale nyuma penye kunakunywewa supu. Griffins akapanga chumvi, vikombe na viazi kwa meza. Viazi ni wasichana, vikombe ni besi, chumvi ni mpira.

Akasema watu kugongana si makosa. Fildi ni ndogo, watu ni wengi, watagongana. Kazi ya ampaya ni kujiuliza moja tu: hapo pahali palikuwa pa nani?

Kama yule wa kulinda ako na mpira kwa mkono, njia ni yake. Mkimbiaji azunguke ama ateleze chini. Akimvamia kama fahali, ni auti, na anaweza kutolewa kwa mechi. Lakini kama yule wa kulinda hana mpira na amesimama tu kwa njia, huyo ndiye amefunga barabara. Hapo ampaya ananyoosha mkono ya kushoto kando, ananyamaza, mchezo inaendelea. Ikiisha ndio anampatia mkimbiaji haki yake.

Nikamwambia Griffins, kijana yangu, hiyo naijua kabla baba yako hajaoa. Nimevuta mkokoteni ya nyanya soko ya Kagio mpaka magurudumu yakaomba msamaha. Sokoni sheria ni moja: mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Ukisikia "mzigo! mzigo!" unaruka mtaro, hata ukiwa na suti. Wewe hubebi kitu na umesimama katikati unapiga stori? Ukigongwa, umejigonga.

Griffins alicheka, akaandika hiyo maneno kwa simu. Ameandika! Mwai ni shahidi.

Halafu akaharibu. Ati kuna pahali moja mkokoteni yangu haifiki. Mpira ikipigwa ikuje ikibingirika, yule anaenda kuiokota ako na njia hata kama mkono yake bado ni tupu. Mkimbiaji ndiye anapisha; akimgonga, mkono juu, mchezo inasimama, ni auti.

Nikasema haiwezekani. Mtu anaenda kuchukua mzigo sokoni hapishwi na mtu. Bado hana kitu.

"Hapa anapishwa, Guka. Akishaikosa, ikimpita, basi. Hapo anakuwa mtu amesimama tu. Lakini kama bado anaiendea, usimguse."

Sikupenda hiyo. Inaharibu sheria nzuri.

Akasema pia ampaya anaamua saa ile ile. Haulizi mtu. Mwai akasema basi mmeshindwa, huyu hawezi kuamua hata supu ama mchemsho.

Mwai anaongea hivyo kwa sababu ana wasiwasi. Msichana wake Shiro ndiye mkimbiaji ya timu yetu. Ako form four, mwaka ya mwisho. Hajawahi kupita Karatina. Huko Kisumu kutakuwa na watu wa timu ya taifa wakiangalia, na Mwai ameshaambia kila mtu anayenunua matumbo kwamba Shiro anaenda.

Jumamosi, 15 Machi

Mechi ya kujaribu, na shule ya jirani. Nimevaa kepi, nimevaa suruali ya arusi ya Ngatia, kijana yangu. Nilisimama hapo katikati kama mlima yenyewe.

Mambo ilienda vizuri mpaka hapo besi ya pili. Mkimbiaji mmoja na mlinzi mmoja, paap, wote chini. Wakaamka wakiongea pamoja. Mimi siongeleshwi hivyo. Nikawaambia wanyamaze, kila mtu atapata nafasi. Nikatoa kepi yangu nikampa yule wa kwanza ashike, vile tunafanyanga na fimbo kwa kikao ya wazee: mwenye fimbo ndiye anasema, wengine wanasikiza. Akaanza kueleza. Msichana mwenye akili, alieleza vizuri, akaanzia mahali alikuwa amesimama. Nikamwambia apatie mwenzake kepi. Mwenzake naye akaanza.

Sasa mimi nikiwa hapo na kesi yangu, kumbe mpira haijakufa. Mchezo inaendelea. Wasichana wawili wengine walizunguka besi zote wakaenda nyumbani, polepole, mmoja akifunga kamba ya kiatu njiani.

Fildi yote ikaanguka kwa kicheko. Hata walimu. Hata mbwa wa shule alikuwa na sura ya kucheka.

Griffins hakucheka. Akakuja akachukua kepi kutoka kwa msichana akanirudishia. Akasema polepole, Guka, hapa hakuna kikao. Hapa ni wewe na macho yako. Ukifanya hivi tena Jumamosi, nitakurudisha kwa fensi na nitafanya peke yangu.

Nilimwambia kwa miaka kumi na tisa sijawahi kukata kesi bila kusikia pande zote mbili, na hakuna moja imeenda rufaa. Akasema anajua. Lakini mpira haingoji rufaa.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani. Baada ya ibada wazee wa kanisa wamepanga laini wakinipatia kofia zao. Ati wanataka kusema.

Mwai ndiye aliwapanga. Nimemwambia nitamtoa kwa mchezo.

Wangui alicheka njia yote mpaka nyumbani, halafu jikoni akacheka tena peke yake.

Jumanne, 18 Machi

Nimefanya mazoezi na ng'ombe. Usishangae — ni mimi najisomea, nani atashangaa. Asubuhi wakitoka zizini, wale wawili wanagongana kwa mlango kila siku. Nikasimama kando. Wakigongana tu, mkono! Naamua hapo hapo. Huyo wa madoa alikuwa na njia. Huyo mweusi ni auti. Nimeamua mara mbili kabla ya chai na hakuna ng'ombe amelalamika.

Mkono ya kushoto inauma. Ukinyoosha sana kando unakuwa kama ile sanamu ya kufukuza ndege kwa shamba ya mtama. Wangui amesema hata ndege hawajaogopa.

Daftari hii naibeba sasa kwa koti, naandika sheria ndani. Mwalimu wa gumbaru, ile masomo ya watu wazima, alituambia mtu mzima akijua kuandika asipumzishe mkono, itasahau. Mkono yangu haisahau kitu. Inasahau tu kufunga mlango ya kuku.

Alhamisi, 20 Machi

Siku nzuri. Griffins aliniona nikiamua kwa mazoezi, kugongana mara tatu, mara tatu sawa, saa ile ile. Akasema, "Sawa, Guka. Uko ndani." Nilijifanya sijasikia ili aseme tena.

Jioni nilipita kukata ile nyasi ya karibu na besi ya tatu. Wasichana walikuwa wamekaa wakipumzika, wakaniita. "Guka, hebu tuambie hiyo ya mkokoteni." Sifa zangu zimefika hata kwa watoto.

Nikawaambia. Nikaongeza na ile ya ndovu. Vile nilikuwa natoa viazi Ihururu, giza ya asubuhi, mkokoteni imejaa mpaka sioni mbele, na ndovu imetoka msitu ya Aberdare imesimama katikati ya barabara. Mimi kwa sababu siioni nikapiga tu kelele, mzigo! Ndovu ikarudi nyuma hatua, ikaingia kwa majani chai, ikanipisha. Ilipofika nyuma yangu ndio nikaona mkia. Basi kama ndovu inajua, wewe mlinzi umesimama kwa njia bila mpira unajua nini?

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Shiro akauliza, "Kwa hivyo Guka, kama mtu hana mpira, naenda tu straight?"

Nikamwambia enda kama mkokoteni ya nyanya. Atapisha.

Ile ingine ya Griffins, ya mtu anayeenda kuokota, sikuiweka. Ilikuwa inaingia vibaya hapo baada ya ndovu.

Ijumaa, 21 Machi

Mawingu imeshuka mlima mpaka nusu. Mvua inakuja. Nimekata nyasi ya mwisho.

Mwai amesema kesho bucha haifunguliwi. Tangu tujuane hajawahi kufunga bucha Jumamosi, hata siku ya kuzika mama yake alifungua mchana. Ameshona kifungo kwa koti yake. Hakusema kitu juu ya Shiro. Mtu kama Mwai akinyamaza, unajua amejaa.

Nikamtania, nikamwambia huko Kisumu watamlisha msichana wake samaki na macho yake. Akatabasamu kidogo tu.

Jumamosi, 22 Machi

Niko kwa stoo ya shule. Mvua inapiga mabati mpaka watu hawasikizani. Naandika. Watu wamejaa kwa mlango wanafikiri naandika ripoti, kwa hivyo wamenyamaza. Wacha wafikiri hivyo.

Niandike pole pole vile ilikuwa.

Giakanja yote ilikuja. Wa Kagio pia walikuja na basi yao, sweta za kijani, wametulia, wana heshima. Huyo wao wa kusimama kati ya besi ya pili na ya tatu anaitwa Ntinyari, msichana ya kutoka upande wa Meru anasomea huko. Mfupi. Nilimwona tangu mwanzo. Mpira yote ikienda upande wake inakufa. Nilimwambia kwa mchezo, wewe ni kama mlango ya benki. Akasema, "Asante, mzee," bila kutoa macho kwa mpira.

Tulikuwa sawa, tatu kwa tatu. Zamu ya mwisho, sisi ndio tunapiga. Auti mbili tayari. Zikifika tatu, wanaopiga wanachukua glavu na wanaenda kulinda, wengine wanakuja kupiga, mechi inaendelea mpaka mmoja azidi. Shiro ako besi ya pili. Akifika nyumbani, tumeshinda, Kisumu.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake kidogo. Hiyo pande yote ni yangu, Griffins ako kule besi ya nyumbani anaangalia huko.

Mpira ikapigwa. Chini, inabingirika, inaruka ruka kwa hiyo nyasi nimekata mimi. Ntinyari akaanza kuikujia. Shiro akaanza kukimbia. Njia ya mpira na njia ya Shiro ni moja. Niliona vile itakuwa kabla haijakuwa.

Shiro hakuzunguka. Alienda straight.

Waligongana kifua kwa bega. Ntinyari akaanguka upande, mpira ikagusa ncha ya glavu yake akianguka, ikaenda kwa majani. Shiro akaanguka magoti, akaamka, akashika besi ya tatu, akapita, akaenda nyumbani. Hakuna mtu amemkaribia. Watu wakaingia fildi. Mwai niliona anakimbia na koti na hicho kifungo, mtu hajakimbia tangu ile mwaka ng'ombe yake ilitoroka.

Na mimi? Mkono yangu ya kushoto ilikuwa imepanda nusu. Nusu. Haiko juu, haiko chini. Wetu waliona nimesema Kagio wamefunga njia. Wa Kagio waliona naanza kusimamisha mchezo. Kila mtu aliona yake.

Griffins akakuja. "Guka, hiyo mkono ilikuwa ya nini?"

Na hapo mvua ikashuka. Si ya kuanza pole pole — ilimwagwa. Watu wote wakatoroka. Nikamwambia Griffins, mkono inangoja mvua. Akaniangalia. Maji inashuka kwa pua yake. Akasema, "Mvua ikikatika, unaniambia. Mbele ya makocha wote wawili. Sitakusaidia na siulizi mtu mwingine."

Kwa hivyo niko hapa.

Ntinyari ako sawa. Bega imechubuka, daktari ya timu yao amempaka kitu. Nimemwona akipita na mfuko ya barafu. Hakuniangalia kama mtu anaomba. Wala hakulia.

Kocha wa Kagio ameniletea chai. Ameweka hapo kwa debe, akaenda, hakusema neno. Monicah ameniletea chai. Ameweka karibu na hiyo ingine, naye hakusema neno. Sasa niko na chai mbili na siwezi kunywa yoyote. Nikinywa moja, watasema nimeamua.

Mwai ndiye ameingia na thermos yake kubwa, ile ya supu. Yeye amesema. "Wewe na mimi tumekula pamoja miaka ngapi?"

Nikamwambia, Mwai, ngoja, naandika.

"Andika, andika. Najua utaandika vizuri."

Amekaa kwa gunia ya chokaa. Ameshikilia thermos kwa magoti. Bado ako hapo.

Halafu Shiro. Ameingia bila kubisha, amelowa, matope mpaka kwa nywele, na anacheka bado, yule anafikiri iko sawa. "Guka, uliona? Nilienda straight. Hakuwa na mpira. Mwenye mzigo ndiye mwenye njia, si ndio?"

Si ndio. Anauliza mimi. Ndovu haikusema kitu juu ya mpira ya kubingirika, na mimi sikusema.

Nimejaribu kuiona namna ingine. Nimefunga macho nikaweka mpira imeshampita Ntinyari. Ingekuwa imempita, angekuwa mtu amesimama tu, Shiro ana haki, twende Kisumu. Nimeiweka hivyo, inakataa. Kila nikifunga macho namwona Ntinyari amekunja magoti, glavu chini karibu na nyasi, macho kwa mpira. Alikuwa anaiokota. Bado anaiendea. Hata hakuona Shiro anakuja.

Mtu akiuliza nitasema macho ya mzee. Hapana. Macho yangu ni ya mwewe, nimewaambia kila siku, na sasa siwezi kusema ni ya kuku.

Mvua imepungua. Watu wanasikizana sasa. Nasikia watu huko nje wanauliza kama mzee amemaliza kuandika.

Nimemaliza karibu.

Shiro bado amesimama hapa, anakamua sweta. Anamwambia baba yake kwamba huko Kisumu ataogelea kwa ziwa. Mwai anamwambia kuna viboko. Anasema yeye atawapiga auti.

Nimemwambia, "Shiro, mama, enda utafute glavu yako."

Amesema, "Ya nini, Guka? Si tumemaliza?"

Nimeinama tu hapa kwa daftari kama naandika kitu kubwa. Hajaenda. Ameacha kukamua sweta. Mwai ndiye ameelewa kwanza — amechukua kifuniko ya thermos, anaifunga, anaikaza, na imeshafungika kitambo lakini bado anaikaza.